Daraja Limepandishwa Kabla ya Mvua

(Ukumbi wa chuo cha uhandisi, asubuhi. Mbele kuna meza yenye kitambaa cha kijani, chupa za maji na kipaza sauti kinachokoroma. Kando ya meza, juu ya toroli, kuna kitu kizito cha mraba kilichofunikwa shuka jeupe. Wanafunzi wapya wameketi na magodoro yao mapajani, yameviringishwa na kufungwa kamba, kwa sababu mabweni na jiko viko ng'ambo ya kijito. Kijito hicho huvukwa kwa mawe ya kukanyagia, ila jiwe la katikati, penye kina, lilichukuliwa na maji msimu uliopita. Mkuu wa Chuo amewaambia wasivuke kwanza, wasubiri: mgeni rasmi anakuja na daraja. Upande wa milimani wingu limeanza kuwa jeusi. Mgeni rasmi anasimama, anagonga kipaza sauti kwa ukucha, anafungua hotuba.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi. Makamu Mwenyekiti wa kamati hiyohiyo, ambaye naona amekalia kiti cha Mwenyekiti, lakini hilo tutalizungumza pembeni. Ndugu Mkuu wa Chuo, rafiki yangu wa ujana. Wakuu wa Idara mlio wakuu na mnaokaimu. Wahadhiri waandamizi, wahadhiri wasio waandamizi, na wale ambao uandamizi wao bado uko kwenye mchakato. Mama Mlezi wa Mabweni. Ndugu Mpishi Mkuu uliye huko ng'ambo, ambaye harufu ya kazi yako imefika ukumbini kabla yangu. Katibu Muhtasi wangu, ambaye peke yake ndiye anayejua hotuba hii inaishia wapi. Wanafunzi wapya wa uhandisi wa ujenzi, miundombinu na mazingira. Wazazi wao ambao hawapo. Mabibi na mabwana.

Wapo wasemaji wavivu ambao husimama, wakasema "itifaki imezingatiwa", wakaendelea na mambo yao kana kwamba itifaki ni kizingiti cha kuruka. Mimi siruki. Nimemtaja kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe, kasoro ambayo naomba kuirekebisha sasa hivi, kwa unyenyekevu. Zamani mtu anayesema nanyi alikuwa Kaimu Naibu Mkurugenzi Msaidizi. Hivi karibuni, neno Kaimu limeondoka, neno Msaidizi nalo limefunga virago, na leo mko mbele ya Naibu Mkurugenzi kamili, asiye na kiraka, wa Idara ya Maandalizi ya Matayarisho ya Miundombinu.

(Makofi. Mkuu wa Chuo anapiga makofi huku anatazama dirishani.)

Nimeitwa hapa kwa mambo mawili: kuwakaribisha vijana hawa katika fani, na kuzindua daraja. Nitaanza na la pili, kwa maana naona ndilo lililowaweka roho juu. Ndugu zangu, daraja limepandishwa!

(Vigelegele. Godoro moja linarushwa juu na kudakwa.)

Narudia kwa ajili ya waliokaa karibu na mlango: lile daraja ambalo Mkuu wenu alisimama mbele ya kikao chetu akaliombea kwa sauti ya kutetemeka, limepandishwa, tena limepandishwa kabla ya mvua, kama alivyotaka. Ni daraja jipya, ni la juu, lina hadhi. Nimelipanda mwenyewe. Mtu akisimama juu yake huona mbali, na watu walio chini humwona vizuri. Na leo sikuja mikono mitupu. Nimekuja nalo.

(Mkuu wa Chuo anainuka nusu, anachungulia nje kutafuta lori. Nje kuna baiskeli ya mhasibu na mbuzi. Anakaa. Sauti ya msichana safu ya nyuma, amekumbatia godoro lenye maua mekundu: "Mheshimiwa, liko wapi tulione?")

Swali zuri sana, binti yangu. Na swali zuri ni kama zege, halimwagwi kabla ya kukorogwa. Daraja liko mbele ya macho yako, wewe tulia tu, utalitambua kadiri ninavyoendelea.

(Kutoka ng'ambo ya kijito, honi ya gari: piii, pi-pi.)

Hiyo ni honi ya dereva wangu. Nilimwambia asubuhi avuke na gari mapema, kule chini kijito kinakotanuka, maji yakiwa ya kulowesha tairi tu, aliegeshe kivulini karibu na jiko, ili tukimaliza hapa tusipoteze muda kati ya hotuba na sahani. Mnavyomsikia, hata yeye huko aliko anashangilia. Ahsante, dereva.

Sasa tuingie kwenye fani. Vijana, miundombinu ni nini? Msiogope, sitawauliza, nitajibu mwenyewe. Neno hili lenyewe ni nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha kwanza kinaitwa muundo, na cha pili kinaitwa mbinu. Muundo mtafundishwa hapa chuoni na hawa wahadhiri wenye chaki kwenye mikono ya mashati. Mbinu mtazikuta maofisini.

(Kicheko. Mhadhiri mmoja mwandamizi anajikung'uta mkono wa shati.)

Katika muundo, mtasoma barabara. Barabara, vijana, lazima ijengwe barabara, la sivyo huwa ni kumbukumbu ya barabara. Takwimu za idara yangu, zilizokusanywa kwa mfumo wa kidijitali na kuhakikiwa katika warsha elekezi iliyofanyika kwenye hoteli yenye viyoyozi, zinaonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya barabara zetu zinaanza, na asilimia sitini na nne ya hizo zinafika. Zilizobaki zinaendelea kufika. Huo ndio tunaouita uendelevu, au kama wasemavyo wataalamu, sasteinabiliti.

Mtasoma udongo. Msiudharau udongo kwa sababu mnaukanyaga. Ghorofa lolote lililoanguka, lilianza kuanguka chini, mahali ambapo hakuna aliyetazama kwa sababu wote walikuwa wanatazama juu na kupiga picha. Waliosema "udongo uwahi ungali maji" walikuwa wahandisi, ila hawakupewa vyeti.

Mtasoma maji. Maji ni mtu mwenye subira na kinyongo. Hayasahau njia yake. Ukijenga nyumba kwenye njia ya maji, yatakuja kubisha hodi hata baada ya miaka thelathini, na hayatavua viatu mlangoni. Mtafundishwa mitaro, mabomba, matangi, na pia majitaka, ambayo kila mtu huyatoa na hakuna anayetaka kujua yanakwenda wapi. Mhandisi ndiye mtu pekee mjini anayejua yanakwenda wapi, na kwa sababu hiyo huwa hasemi sana wakati wa chakula.

Na mtasoma uhandisi wa mazingira. Hapo ndipo mimi nasimama kifua mbele, maana katika ofisi yangu hakuna siku inayopita bila sisi kutengeneza mazingira. Mtu akija na ombi lake, tunamwambia kwa upole: ndugu, tengeneza mazingira kwanza. Wengine huyatengeneza siku hiyohiyo.

(Kicheko kikubwa. Mama Mlezi anajifunika mdomo kwa kanga. Mgeni rasmi anafurahi, ingawa hajui kwa nini wanacheka sana kiasi hicho.)

Naona mmeelewa. Nitaendelea kushusha nondo.

(Kijana mmoja mwenye shingo ndefu, ambaye wenzake wamekwisha kumpa jina la Kreni, anageuka kutazama mlangoni. "Nondo zimekuja?" anauliza. Jirani yake: "Nondo za maneno, bwana. Zile za chuma bado.")

Nimesikia, nimesikia. Kijana mwenye shingo, utafika mbali, umekwisha kufika nusu. Nondo za maneno ndizo za kwanza. Hakuna daraja duniani lililoanza na chuma, yote yalianza na neno. Kwanza kuna wazo, kisha dhana, kisha andiko la dhana, kisha upembuzi yakinifu, kisha upembuzi wa kuangalia kama ule upembuzi ulikuwa yakinifu, kisha ushirikishwaji wa wadau, kisha posho ya wadau, kisha usanifu wa awali, usanifu wa kina, na usanifu wa kina zaidi kwa wale ambao hawakuridhika na kina. Hapo ndipo tunaweka jiwe la msingi. Mafundi wana msemo wao kwamba zege halilali. Ni kweli, halilali. Lakini faili hulala, tena faili likilala vizuri huamka na afya.

(Ngurumo, mbali. Honi tena, ndefu zaidi.)

Dereva wangu ana moyo wa uzalendo. Na kwa kuwa nimetaja jiwe la msingi, naomba mtazame hapa kando yangu, kwenye toroli. Nafunua kidogo tu, kipembe. Mnaona? Wenzangu wa idara nyingine wakienda kuzindua hubeba kibao chembamba kama sinia. Mimi jiwe langu ni jiwe. Ni la mlimani, limechongwa mraba, nene kwa dhiraa nzima, na walihitajika vijana wanne kulishusha garini. Limeandikwa: Jiwe hili limewekwa na Mheshimiwa, halafu jina langu na cheo changu, halafu nafasi iliyoachwa wazi ya jina la mradi, ambayo hujazwa kwa chaki. Nikimaliza kuliweka, tunapiga picha, tunafuta chaki, linarudi garini. Jiwe hili moja limeweka msingi wa soko, zahanati, stendi, matangi mawili ya maji na uwanja wa ndege. Nitajieni idara nyingine iliyobana matumizi namna hiyo!

(Makofi ya watu wasio na hakika. Msichana wa godoro la maua anamnong'oneza jirani yake: "Uwanja wa ndege uko wapi?" Jirani: "Ulifutwa na chaki.")

Vijana wangu, naona mnatazama dirishani. Najua. Mnaona wingu. Msidhani mimi silioni. Naomba niweke karatasi chini kidogo.

Mimi nimekaa humu. Pale, karibu na nguzo ile yenye ufa, ambao naona bado upo na umepata watoto. Nilikuja na godoro la sufi, siyo haya ya sponji mliyonayo. Godoro la sufi lilishonwa na mama yangu, na lilikuwa na uzito wa mtu aliyekasirika. Siku ya kwanza tulivuka kijito hiki kwa mawe haya haya, mvua ikinyesha, na mimi nikafika katikati, godoro likapepesuka kichwani, tukaingia majini wote wawili. Nilitoka na matope puani. Wenzangu waliniona nikigaagaa ukingoni wakaniita Kambale, na Kambale nikabaki mpaka siku ya mahafali. Sufi ikilowa haikauki, vijana. Hugandamana, huota harufu. Aliyenivuta kwa ukosi wa shati ni huyu Mkuu wenu wa Chuo, alikuwa mwembamba wakati huo, na usiku alinigawia godoro lake. Tulilala mzungu wa nne, miguu yake puani mwangu, muhula mzima. Kila asubuhi tukivuka alikuwa anasema, "Kambale, tukishakuwa wahandisi, kitu cha kwanza ni hapa." Nami nikisema, "Kitu cha kwanza."

(Mkuu wa Chuo anafuta miwani ambayo haina vumbi. Matone ya kwanza yanapiga bati. Mgeni rasmi anashtuka, anaokota karatasi.)

Kwa muktadha huo, na kwa kuzingatia dira, dhima na malengo mahsusi, idara yangu imejipanga kimkakati kuhakikisha…

(Mkuu wa Chuo anasimama. Anaongea taratibu, kama anavyoongea siku zote. "Mheshimiwa, niwie radhi. Maji ya mlimani yanafika hapa kabla mvua yenyewe haijakolea. Watoto hawa hawana pa kulala upande huu. Naomba tu kujua, lori la daraja limekwama wapi, ili tutume watu wakalisukume.")

Lori? Lori la nini, ndugu yangu? Daraja linabebwaje na lori?

("Ulisema kwenye simu limepandishwa. Nikajua limepandishwa kwenye lori.")

La hasha! Limepandishwa, basi. Limepandishwa kwenye… Ndugu Mkuu, keti. Au usiketi, simama, maana hili jambo linafaa kusikika na wote. Siku ile ya kikao cha mwaka, wakuu wa taasisi zote walisimama kutuomba hiki na kile, mpaka wengine tukawa tunasinzia. Ilipofika zamu yako ulisimama na sentensi moja tu. Ulisema, "Mheshimiwa, sisi hatuna mengi, ombi letu ni moja: daraja lipandishwe kabla ya mvua, watu wanateseka." Ukaketi. Ukumbi ukalipuka kwa makofi! Afisa Utumishi, yule mkavu ambaye hajawahi kumwonea mtu huruma, alitoa leso. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye daraja lile lile kwa miaka kumi na minne, ninakaimu, ninasaidia, ninakaimu kusaidia, na hakuna mtu, hata wa nyumbani kwangu, aliyewahi kusimama hadharani kunitetea. Nikasema moyoni, kumbe yule aliyenivuta kwa ukosi wa shati bado ananivuta. Wiki hiyohiyo wakanipandisha daraja. Mama mkwe wangu akanipigia simu kwa mara ya kwanza tangu harusi. Na uliponialika leo, ukaniambia nije nizindue daraja, nililia kidogo kwenye gari. Muulizeni dereva.

(Bati linapigwa na mvua. Kisha, kutoka safu ya nyuma, msichana wa godoro la maua: "Kwa hiyo, Mheshimiwa… daraja ni wewe?")

Kwa… kwa lugha ya kiutumishi, binti yangu, ndiyo. Daraja ni mimi.

(Kreni, kwa sauti ya kuimba: "Basi lala tuvuke, mzee wetu!" Ukumbi unapasuka. Wahadhiri waandamizi wanacheka kwa kuinama chini ya meza, wasio waandamizi wanacheka wazi. Mkuu wa Chuo amejishika kiuno, anacheka kicheko cha mtu ambaye hajacheka tangu bajeti iliyopita. "Kambale!" anasema akipata pumzi. "Kambale, nilisema daraja! La kuvukia!")

Mbona hukusema la kuvukia? Lugha yetu ni pana, ndugu yangu, mtu huwezi kuingia mbele ya Afisa Utumishi na neno lisilo na uzio! Ulisema watu wanateseka, nikajua unamaanisha mke wangu!

(Honi. Sasa hainyamazi. Katibu Muhtasi anarudi kutoka mlangoni na mwavuli, anamnong'oneza.)

Katibu Muhtasi ananiarifu kwamba dereva hakuwa anashangilia. Alikuwa anatuonya. Maji ya mlimani yamefika kwenye mawe, na pengo la katikati sasa linavuma. Gari langu liko ng'ambo. Chakula kiko ng'ambo. Vitanda vyenu viko ng'ambo. Ndugu zangu, tunayo changamoto, na changamoto ni fursa, na fursa… Nyie, mnafanya nini na hilo toroli?

(Msichana wa godoro la maua amevuta shuka. Jiwe liko wazi, la kijivu, lenye jina la mgeni rasmi kwa herufi za dhahabu. Analipima kwa viganja, kisha anatazama nje, kuelekea kijito. "Upana unatosha," anasema. Kreni na wengine watatu wamekwisha kushika toroli.)

Msiliguse! Hilo ni mali ya idara! Hilo lina ratiba, kesho linatakiwa kwenye ghala la nafaka! Ndugu Mkuu, wazuie!

(Mkuu wa Chuo anamtazama. Anaanza kukunja suruali yake, mguu mmoja, halafu mwingine. Toroli linapita mlangoni likiruka kizingiti. Ukumbi wote unalifuata, magodoro vichwani kama uyoga. Mgeni rasmi anabaki na kipaza sauti kisicho na wa kukisikiliza, anakiacha, anakimbia nyuma yao na karatasi zake. Katibu Muhtasi anakimbia nyuma yake na mwavuli. Hotuba inaendelea ukingoni, kwa sauti ya mdomo mtupu.)

Nasema hivi! Nasema, kwa mamlaka niliyopewa… Hapana, siyo hivyo! Siyo hivyo, we kijana, mtalipoteza! Msilitupe, litabingirika! Kwanza ondoeni mchanga pale chini mpaka mguse changarawe, jiwe halikai juu ya mchanga, mchanga ni msafiri. Haya. Sasa ligeuzeni, pembe moja ielekee maji yanakotoka, yagawanyike, yapite huku na huku. Mkiyapa maji ubavu yatausukuma, mkiyapa pembe yatapita na salamu. Hivyo! Shusheni polepole. Acheni likae lenyewe. Sasa kokoto kubwa nyuma yake, zibanane, bado, bado moja hapo kushoto. Pandeni mmoja. Ruka. Ruka tena! Linacheza?

(Msichana wa godoro la maua, amesimama katikati ya kijito juu ya herufi za dhahabu, maji yakigawanyika pande zote mbili za miguu yake: "Halichezi, Mheshimiwa!")

Halichezi.

(Anasema hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayerudia neno la lugha aliyoizungumza utotoni. Mkuu wa Chuo amesimama kando yake, ndara mkononi. "Kumbe bado unajua," anamwambia. Wanafunzi wanaanza kuvuka kwa mstari, kila mmoja na godoro lake. Mama Mlezi anapita katikati yao amebeba sufuria ambayo haijulikani ilifikaje upande huu.)

Najua, ndugu yangu. Nilikuwa nimekaimisha tu. Haya, shika viatu vyangu. Ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge. Katibu, kunja mwavuli, unanipofusha.

(Mgeni rasmi anakunja suruali. Anakanyaga jiwe la kwanza, la pili, anafika katikati, anasimama juu ya jina lake mwenyewe, uso kuelekea waliobaki. Mstari unakwama nyuma yake. Hotuba yake imelowa, kurasa zimeshikana. Anaitazama, anaikunja, anaitia mfukoni.)

Waheshimiwa wote niliowataja na ambao sasa mmelowa kwa usawa bila kujali vyeo, nahitimisha. Natamka kwamba jiwe hili limewekwa. Nafasi ya jina la mradi imeachwa wazi, chaki imefutika, na hakuna haja ya kuiandika upya, kila atakayepita ataisoma kwa unyayo. Ghala la nafaka litasubiri. Soko, zahanati, stendi, matangi na uwanja wa ndege vitatusamehe, vilikwisha kuzoea. Jiwe hili halitarudi garini.

Tuseme kaulimbiu pamoja. Nikisema "Miundo", nanyi semeni "Kwanza!" Miundo!

(Kutoka kingo zote mbili: "Kwanza!")

Nikisema "Mbinu", nanyi semeni "Baadaye!" Mbinu!

(Kreni, peke yake: "Zimelowa!" Kicheko. Honi ya dereva, fupi, ya furaha safari hii.)

Na nikisema "Daraja"…

("Liko chini yako!")

Ndilo hilo. Mwisho kabisa, shukrani. Naishukuru Kamati ya Mapokezi. Nawashukuru wahadhiri, waliowafundisha vijana hawa somo la kwanza kwa kutoingilia. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mkuu wa Chuo kwa daraja aliloliomba na nililokuja kulizindua, daraja ambalo halikujengwa, halikuchorwa, halikupimwa, wala halijawahi kuwamo katika mpango wowote wa idara yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa katika mpango. Alichokiomba hajakipata. Amepata jiwe moja. Lakini ndugu yangu, tulisema kitu cha kwanza kiwe hapa, nami kwa utaratibu wa ofisi nimechelewa miaka thelathini na kidogo tu, ambayo kwa wastani wa idara ni haraka sana. Daraja lako bado ni deni, langu nitabaki nalo, kesho nitalitumia kuomba lile la kuvukia, na safari hii nitasema lenye nguzo, lenye vyuma, la kukanyagwa na miguu, ili hata Afisa Utumishi asipate pa kuweka leso. Karibuni katika fani, vijana. Asanteni sana kwa kunisikiliza, na kwa heshima kubwa naomba sasa…

(Mkuu wa Chuo, kutoka nyuma, viatu vya mgeni rasmi shingoni na godoro la maua mekundu kichwani: "Kambale, sogea basi! Watoto wapite!")

(Anasogea.)